Jipu la titi si ugonjwa mmoja: madaktari, tuongezeeni neno moja kwenye faili

Karani wa Mafaili (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za afya kwenye hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Jina la hospitali silitaji, ugali wa watoto unatoka hapo. Kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari na kukigeuza namba ya ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO): herufi moja, tarakimu mbili, nukta, tarakimu nyingine. Wenyewe kwa wenyewe tunaziita "kodi". Kuna mama alinisikia dirishani nikimuuliza mwenzangu "huyu umempa kodi gani?" akang'aka: "Yaani siku hizi hata kuumwa kunatozwa kodi?"

Leo nina jambo la titi.

Wiki iliyopita bima walirudisha rundo la fomu. Mojawapo ni ya binti wa miaka 24. Daktari aliandika mstari mmoja tu: jipu titi la kushoto, limepasuliwa, usaha umetoka, antibaiotiki siku kumi. Basi. Mwenzangu akafungua kitabu, akatafuta jipu la titi, akakuta N61, akaandika N61. Bima wakauliza kwa kalamu nyekundu: mgonjwa wa N61 alilala siku tatu wodi ya wazazi akifanya nini?

Na walikuwa na haki ya kuuliza. Nikalichimba lile faili mpaka karatasi ya nesi, nyuma kabisa, ndipo nikakuta "mama ananyonyesha, mtoto wiki 5". Maneno hayo machache yanaihamisha kesi nzima kutoka N61 kwenda O91.1. Nesi aliandika, daktari hakuandika, karani hakusoma. Watu watatu kwenye faili moja na hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Kwa wasioijua hii kazi: kitabu cha ICD-10 kimepangwa kwa sura, na titi lililovimba, jekundu, lenye joto na maumivu linaweza kuangukia sura tano. Kama mwanamke hana mimba wala hanyonyeshi, ni N61, na N61 imekaa sura moja na figo na kibofu, msiniulize kwa nini. Kama ni mjamzito, amejifungua au ananyonyesha, ni O91: chuchu iliyopata maambukizi ni O91.0, jipu ni O91.1, na mastaitisi (titi kuvimba na kuwaka) isiyo na usaha ni O91.2. Kama mwenye titi ni kichanga, ni P39.0. Ikithibitika ni kifua kikuu cha titi, unakwenda A18.8. Na ikiwa ile "mastaitisi" kumbe ilikuwa saratani, ni C50.

Kuna mtego mwingine ambao mimi mwenyewe umeninasa miaka. Tulifundishwa kwamba kipindi cha uzazi kinaisha siku ya 42 baada ya kujifungua. Kwa hiyo akija mama wa mtoto wa miezi saba, titi limewaka, tunasema siku 42 zimepita, tunampa N61. Kosa. Maelezo yaliyo juu ya O91 kwenye kitabu yanataja ujauzito, siku za baada ya kujifungua, na kipindi cha kunyonyesha. Maadamu tatizo limetokana na kunyonyesha, yuko O91 hata mtoto akiwa anakimbia.

Sasa ombi langu kwa madaktari humu. Nikiona "jipu la titi" peke yake, nalazimika kubahatisha, na kubahatisha si kazi yangu. Niandikieni kama ananyonyesha, ni mjamzito, au hapana. Usaha upo au haupo. Titi la upande gani. Na hili la mwisho ndilo hasa lililonileta hapa: ni mara ya ngapi anakuja na tatizo hilo hilo.

Karibuni.

Daktari wa Zamu

Mtoa mada, karibu chumba namba 4 saa tano asubuhi uone foleni, halafu rudi uandike huu uzi upya. Nina wagonjwa 60 kabla ya chakula cha mchana. Mama anaingia analia, titi kama jiwe. Mimi namtibu yeye, simtibu bima. Namwona anamnyonyesha mtoto mbele ya macho yangu, sasa niandike "ananyonyesha" kwa ajili ya nani?

Karani wa Mafaili

Daktari, umemwona wewe. Mimi sikuwepo. Na daktari atakayempokea wiki ijayo wewe ukiwa mapumziko, naye hakuwepo.

Naweka Kambi

Ngoja nikae hapa mbele, huu uzi utanoga.

Nesi Mstaafu

Wanangu, mnagombana bure. Mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, niwaambie tulivyokuwa tunaandika.

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya. Cha kwanza ni maziwa kujaa. Siku ya tatu mpaka ya tano baada ya kujifungua, matiti yote mawili yanakuwa mazito na kung'aa, mtoto anashindwa hata kushika chuchu. Hilo si ugonjwa wa O91, lina nafasi yake kwenye kundi la O92. Dawa yake ni kumweka mtoto vizuri na kukamua kidogo ili chuchu ilegee. Cha pili ni mastaitisi: mara nyingi titi moja, sehemu moja kama kipande cha keki, jekundu, na mama ana homa anatetemeka kama mwenye malaria. Nimeona wengi wakipewa dawa ya malaria kabla mtu hajawafunua kanga. Cha tatu ni jipu lenyewe, hapo ukibonyeza unasikia kitu kinacheza ndani kama maji kwenye mfuko. Hilo haliponi kwa vidonge peke yake, litolewe usaha kwa sindano au lipasuliwe.

Na katika yote matatu, tafadhali, mama asiambiwe aache kunyonyesha. Maziwa yakibaki ndani tatizo linakua. Kama titi limepasuliwa karibu na chuchu na linauma sana, atumie lile zima na akamue lile bovu.

Sasa kuhusu hiyo P39.0 aliyoitaja karani. Vichanga wengi, wa kike kwa wa kiume, huzaliwa na vititi vilivyovimba kwa sababu ya homoni za mama. Ni kawaida, kuna namba yake, P83.4, na hupungua kwenyewe. Shida ni bibi. Bibi anasema "kuna maziwa mabaya humo" anakamua. Nimempokea mtoto wa siku 12, kititi kimekuwa chekundu kama nyanya, kimepasuka, usaha. Huyo ndiyo P39.0. Nilimuuliza bibi nani kakamua, akamtazama jirani.

Mama Pacha

Nesi umenikumbusha mbali. Wangu wa kwanza alikamuliwa nikiwa usingizini. Nilivyoamka nyumba nzima walinisikia.

Mpwani wa Kale

Nami niongeze la lugha. Huku Mombasa mtu mzima haji kwa daktari akasema "titi". Husema "ziwa laniuma". Sasa tulikuwa na kijana wa kumbukumbu, mgeni, mtu wa bara, akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa ameumia *ziwani*. Tukawa twauliza, Victoria au Turkana?

Lakini nina swali la kweli. Usaha ukiwa umetapakaa ndani ya ziwa bila kujikusanya mahali pamoja, si jipu hilo. Karani aandike O91.2?

Karani wa Mafaili

Swali zuri Mpwani, na hapo wengi wanateleza. O91.2 ni ya mastaitisi *isiyo na* usaha. Mastaitisi yenye usaha, hata kama mfuko haujajikusanya, kitabu kinaiweka O91.1 pamoja na jipu. Ndiyo maana nikasema daktari aandike usaha upo au haupo, asiniandikie "mastaitisi" tu.

Mbeba Boksi

Wakuu salaam kutoka Minnesota. Mimi niliacha kubeba boksi nikasomea kazi ya kodi za hospitali, sasa ni mwaka wa sita nafanyia nyumbani. Niwape picha ya huku.

Marekani wana toleo lao la ICD-10, limeongezwa tarakimu nyingi. Ile N61 moja mnayotumia nyie, huku ilipasuliwa tarehe 1 Oktoba 2016: N61.0 mastaitisi bila jipu, N61.1 jipu la titi na chuchu. Tarehe 1 Oktoba 2020 wakaongeza N61.2 kwa mastaitisi ya granuloma (ile ya vinundu vya seli za kinga), na hiyo ina upande: N61.21 kulia, N61.22 kushoto, N61.23 yote mawili, na N61.20 kwa daktari mvivu asiyetaja upande. O91 nayo wameigawa kwa ujauzito, baada ya kujifungua, na kunyonyesha.

Tofauti kubwa ni neno "huenda". Huku, mgonjwa wa nje, daktari akiandika "huenda ni jipu", sina ruhusa ya kuweka namba ya jipu. Naweka kinachoonekana: maumivu ya titi N64.4, au kivimbe N63. Kuweka "huenda" kama ugonjwa uliothibitika ni kosa linaloweza kumgharimu mwenye hospitali.

Karani wa Mafaili

Na hapo ndipo vijana wetu wanapopotea, wanajifunza kwenye video za Marekani wanakuja kutumia huku. Kanuni za WHO hazisemi hivyo. Kama mpaka mwisho wa matibabu daktari bado ameandika "inashukiwa", na hakuna taarifa nyingine, namba inawekwa kana kwamba ugonjwa umethibitika. Akichunguzwa ikaonekana hana, kuna Z03.

Kwa hiyo kwetu neno "inashukiwa" lina uzito kuliko mnavyodhani. Daktari akiandika kwa haraka "inashukiwa saratani ya titi" kisha faili likafungwa, takwimu zinamhesabu mwenye saratani. Asipoandika kabisa kwamba anashuku, anahesabiwa mwenye jipu. Njia zote mbili zina hatari, lakini ya pili ndiyo inayoua.

Dada wa Tabata

Samahani kuingilia mambo ya kitaalamu. Nimesoma kimya tangu juu lakini sasa nina wasiwasi. Mama yangu mdogo ana miaka 47, mtoto wake wa mwisho yuko chuo. Titi la kulia limevimba tangu mwezi wa pili, jekundu, linawasha, lina joto. Halina donge ukilishika. Amepewa antibaiotiki mara mbili, sehemu mbili tofauti, kote ameandikiwa mastaitisi. Sasa ngozi imekuwa na vitundu vitundu. Je, ni ile ile N61?

Daktari wa Zamu

Dada, mimi ndiye niliyekuwa nalalamika foleni hapo juu. Hapa naongea kwa utulivu.

Sijamwona mama mdogo, siwezi kusema ana nini. Lakini ulivyoeleza, usikubali kidonge cha tatu. Mwanamke asiyenyonyesha, titi jekundu ambalo halijapona baada ya wiki moja au mbili za antibaiotiki, anatakiwa kupigwa picha na kukatwa kinyama. Vitundu unavyosema vinafanana na ganda la chungwa? Mwambie asimame dirishani kwenye mwanga aangalie.

Kuna saratani ya titi inayojificha ndani ya sura ya mastaitisi. Seli zinaziba mishipa midogo ya limfu chini ya ngozi, maji yanashindwa kutoka, ngozi inavimba na kubaki na vishimo penye vinyweleo. Ndiyo maana mara nyingi hakuna donge, na ndiyo maana watu wanapoteza miezi. Tunaifikiria pale wekundu umechukua angalau theluthi ya titi na mambo yote yameanza ndani ya miezi sita. Uthibitisho ni baiopsi, yaani hicho kinyama, ikiwezekana na kipande cha ngozi chenyewe. Na si ya kusubiri: ikithibitika inaitwa T4d, yaani uvimbe uliokwisha fika mbali, hata ikiwa imegundulika leo asubuhi, na matibabu huanza na dawa za saratani kabla ya kisu.

Aende hospitali yenye daktari wa upasuaji, na abebe *karatasi zote mbili* za zamani. Nasisitiza hizo karatasi. Asipobeba, daktari wa tatu ataanza moja.

Dada wa Tabata

Asante daktari. Karatasi moja ipo. Nyingine alifungia vitumbua.

Mbeba Boksi

Daktari ongezea ile ya granuloma, maana huku naiona mara kwa mara na wengi wanadhani ni saratani mpaka majibu yatoke.

Daktari wa Zamu

Kweli. Mastaitisi ya granuloma ilielezwa kitaalamu mwaka 1972 na Kessler na Wolloch. Huwapata zaidi wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, mara nyingi miaka michache baada ya kunyonyesha. Inatoa donge gumu, inatoboa ngozi, inatoa usaha, inapona, inarudi. Ukiipasua ovyo inazidi kutoboka. Kwa macho huwezi kuitofautisha na saratani, na kwa hadubini inafanana na kifua kikuu.

Na kwetu kifua kikuu kipo. Ile ya granuloma hutibiwa pengine kwa steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Ukimpa steroidi mwenye kifua kikuu cha titi umemwagia petroli. Kwa hiyo kabla ya kuandika granuloma, kinyama kipimwe pia TB. Kwenye ICD-10 ya WHO zote mbili zisipochunguzwa zinaishia N61 ile ile, jambo linalonikera sasa hivi kuliko lilivyokuwa saa mbili zilizopita.

Fundi wa Mfumo

Mimi natengeneza mifumo ya hospitali, acheni niseme lililo kweli ingawa linaniumiza. Kwenye kompyuta daktari anaandika herufi tatu za mwanzo, inashuka orodha, anabonyeza ya juu kabisa. Ya juu ni ile inayotumika zaidi. Kadiri wanavyoibonyeza ndivyo inavyobaki juu. Nimewahi kukuta kituo kimoja wanaume wawili wana O91 kwenye mfumo.

Nesi Mstaafu

Wanaume nao wana matiti mwanangu, na yanaota jipu.

Fundi wa Mfumo

Ndiyo mama, lakini hawanyonyeshi! Walitakiwa N61. Niliweka kizuizi kwamba O isikubali mwanaume. Wiki iliyofuata mmoja wao akabadilishwa jinsia kwenye mfumo ili fomu ipite.

Naweka Kambi

😂😂 Nimeanguka.

Msomaji wa Usiku

Kwa wanaouliza kwa nini orodha ina mpangilio wa ajabu: ilianza kama orodha ya sababu za vifo. Mfaransa Jacques Bertillon, mtu wa takwimu wa jiji la Paris, aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. WHO waliichukua na kuiongeza magonjwa ya walio hai kwenye toleo la sita, 1948. ICD-10 ilipitishwa 1990. ICD-11 ilipitishwa 2019 na ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na hiyo inaruhusu kubandika alama ya upande, kulia au kushoto, juu ya namba ya ugonjwa. Kitu kilichoanza kwa kuhesabu maiti hakikujali sana titi la upande gani.

Karani wa Mafaili

Wakuu, narudi baada ya siku tatu. Dada wa Tabata tupe habari ukiwa nazo.

Maneno ya daktari kuhusu "daktari wa tatu ataanza moja" yalininyima usingizi. Jana nilibaki ofisini baada ya saa za kazi nikavuta N61 zote za tangu Januari. Nyingi ni zile zile, za kunyonyesha zilizopotea njia, nimezirekebisha. Halafu nikazipanga kwa namba ya faili badala ya tarehe. Sikuwahi kuzipanga hivyo, fomu za bima zinatoka kwa tarehe.

Faili moja lilitokea mara tatu. Mama wa miaka 51. Februari, N61. Aprili, N61. Juni, N61. Madaktari watatu tofauti, na kila mmoja ameandika kana kwamba anamwona siku ya kwanza. Wa tatu ameongeza "ngozi imekakamaa". Namba zote tatu nimeziweka mimi, kwa mwandiko wangu, na zote tatu ni sahihi kwa jinsi faili lilivyoandikwa. Bima hawakurudisha hata moja.

Leo asubuhi nimelipeleka kwa daktari wa upasuaji mkononi, sikulituma. Amelisoma akiwa amesimama, akaniambia mpigie simu aje kesho.

Daktari wa Zamu

Umempata?

Karani wa Mafaili

Simu iliyo kwenye faili ni ya shemeji yake. Anasema mama yuko shamba, huko mtandao hakuna, hurudi mjini Ijumaa siku ya gulio. Nimemwomba ampelekee mtu wa bodaboda leo, nauli nitatuma mimi. Kasema atanipigia.